Ibn al-Haytham, vioo, na dinari 150

Kwenye banda la kinyozi wa bloku yetu kuna vioo viwili. Kimoja ni kikubwa, kimepasuka pembeni, kimetundikwa kwenye ukuta wa mabati mbele ya kiti. Kingine ni kidogo cha kushika mkononi, kile ambacho kinyozi hukuonyeshea kisogo chako ukishanyolewa, ili kesho usirudi na malalamiko. Mwaka jana nilikuwa pale nasubiri zamu, na mwanafunzi wangu mmoja wa gredi ya sita yuko kwenye kiti. Akaniuliza bila kugeuka: "Mwalimu, yule wa ndani ya kioo yuko umbali gani?"

Wakubwa wakacheka. Kinyozi akasema yuko pale pale juu ya kioo, kama picha iliyobandikwa. Mzee mmoja akasema hayuko popote, ni kivuli tu. Mimi nikasema yuko nyuma ya kioo, umbali ule ule ambao wewe uko mbele yake. Basi ubishi ukawaka, maana nyuma ya kile kioo ni mabati, na nyuma ya mabati ni jiko la jirani, mama mmoja ambaye saa ile alikuwa anasonga ugali, tunamsikia kabisa. Mtoto akauliza: "Kwa hiyo mimi niko jikoni kwa mama?"

Sikuwaridhisha siku ile. Kanuni naijua, ipo kwenye kitabu cha sayansi: pembe ya mwale unaoingia ni sawa na pembe ya mwale unaotoka, na taswira iko nyuma ya kioo kwa umbali sawa na wa kitu kilicho mbele. Lakini kanuni ukiitaja bila kusema imetoka wapi inakuwa kama tangazo la mwenyekiti wa bloku, watu wanalifuata lakini hawaliamini. Ndipo nikaanza kutafuta ni nani aliyekaa chini akalifuatilia jambo hili mpaka mwisho. Nikakutana na mtu ambaye, kumbe, jina lake nilishalisikia hapa hapa Kakuma, tena kwa habari nyingine kabisa isiyohusu vioo.

Turudi nyuma kidogo. Wagiriki wa kale walikuwa na vioo, si vya glasi kama vyetu bali vya shaba iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Na hesabu yake waliijua vizuri. Euclid, kama miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika juu ya kuona akasema jicho ndilo linalotoa miale, kama tochi. Mwale unatoka jichoni, unakwenda, unagusa kitu, na wewe unaona. Ukikutana na kioo unadunda na kuendelea. Heron wa Alexandria akaonyesha kwamba pembe mbili zikiwa sawa, safari ya kutoka jichoni kupitia kwenye kioo hadi kwenye kitu inakuwa fupi kuliko safari nyingine yoyote inayopitia kioo hicho. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Ptolemy, naye wa Alexandria, alichukua bamba la shaba, akachora duara lililogawanywa kwa digrii, akaweka vioo vya aina 3: kilichonyooka, kilichobinuka na kilichobonyea. Akapima. Pembe zikatoka sawa.

Sasa angalia jambo la ajabu. Hawa watu walipata vipimo sahihi huku wakiwa wamekosea mwelekeo. Jicho halitoi kitu. Lakini ukichora njia ya kutoka bombani hadi nyumbani kwako, mchoro haukuambii maji yanabebwa kwenda upande gani. Njia ni ile ile ukienda na ukirudi. Kwa hiyo kioo peke yake hakikuweza kuwasahihisha, hata wangepima miaka 100. Ilibidi mtu aulize kwanza swali lingine: mwanga wenyewe ni nini, na unatoka wapi kwenda wapi?

Mtu huyo ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu walimwita Alhazen. Alizaliwa Basra, katika Iraki ya leo, karibu mwaka 965, akafa Cairo karibu mwaka 1040. Picha yake iko kwenye noti ya dinari 10,000 ya Iraki. Na mwaka 2015, Umoja wa Mataifa ulipoutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanga, UNESCO ilimtangaza sana. Nadhani ndiyo sababu jina lake lilifika hadi huku.

Lilifika hivi. Nimehudhuria warsha 2, mashirika tofauti, miaka tofauti, na kote 2 mwezeshaji alisimulia habari yake. Inasimuliwa vizuri kweli. Ibn al-Haytham akiwa kwao Basra alisema kwamba angekuwa Misri angefanya kitu juu ya mto Nile, ili maji yafae yakipanda na yakipungua. Maneno yakamfikia al-Hakim, khalifa wa Wafatimi aliyetawala Cairo tangu 996. Khalifa akamwita, akatoka mwenyewe nje ya mji kumpokea, akampa watu na vifaa apande kusini. Alipofika kwenye maporomoko karibu na Aswan, akiwa njiani ameyaona majengo makubwa ya watu wa kale, akaelewa: hawa waliojenga namna hii, kama mto ungezuilika, wangeshauzuia. Akarudi Cairo kuomba radhi. (Maji yale kwa sehemu ni yetu, watu wa Burundi na Rwanda wanajua, ingawa mafuriko yenyewe huletwa zaidi na mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Basi ninapofika hapa huwa namwonea huruma mara mbili.)

Al-Hakim hakuwa mtu wa kumwambia "samahani, nilikosea hesabu" ukalala usingizi. Alijulikana kwa kuua watumishi wake. Alimpa Ibn al-Haytham kazi ofisini, na yeye akaikubali kwa hofu, kisha akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikawekwa chini ya uangalizi, na yeye akafungiwa nyumbani mpaka khalifa alipotoweka mwaka 1021. Miaka mingi ndani ya kuta. Na hapo mwezeshaji anasimama, anatuangalia mmoja mmoja, anasema: ndani ya kifungo kile aliandika Kitab al-Manazir, kitabu cha kuona, juzuu 7, kilichobadilisha sayansi ya mwanga duniani. Halafu swali linaloelekezwa kwetu: "Na wewe, muda wako wa kusubiri unautumiaje?"

Wa kwanza nilimpigia makofi. Wa pili nilianza kuona kitu hakikai sawa.

Wasomaji wangu wa mashirika wasinielewe vibaya, sisemi mtu akae bure. Wengi tunaosoma gazeti hili hatukai bure. Lakini hadithi ile imebeba wazo kwamba kufungiwa ndiko kulikozaa kitabu, na mimi nilitaka kujua kama ni kweli.

Kwanza, aliyeisimulia habari ya Nile na kifungo ni Ibn al-Qifti, aliyekufa mwaka 1248, yaani miaka 200 na zaidi baada ya Ibn al-Haytham. Kuna mwandishi mwingine, Ibn Abi Usaybi'a, aliyekufa 1270, ambaye kitabu chake kina masimulizi tofauti: kwamba alijifanya mwendawazimu huko huko Basra, ili aondolewe kwenye kazi ya serikali iliyokuwa inamzuia kusoma, na ndipo akaenda Misri. Wazimu upo kwenye hadithi zote mbili, lakini mji si mmoja na sababu si moja.

Pili, Ibn Abi Usaybi'a huyo huyo ametuhifadhia orodha za kazi za Ibn al-Haytham pamoja na tarehe. Profesa A. I. Sabra, Mmisri aliyefundisha Harvard na aliyetafsiri juzuu 3 za kwanza za Kitab al-Manazir kwa Kiingereza mwaka 1989, alizipitia orodha hizo. Kitabu cha kuona hakimo katika zile zinazofika mwaka 1028. Kimo katika ile inayofika 1038. Kwa hiyo akakiweka kati ya miaka hiyo 2. Wapo wanaobishana naye juu ya orodha zile, lakini hesabu yake ina uzito, na ukiifuata, kitabu kiliandikwa wakati al-Hakim alishatoweka zamani. Mwandishi wake alikuwa mtu huru wa miaka 60 na kitu.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nikae macho usiku ule. Ibn al-Qifti anaeleza mtu huyu aliishije baada ya kutoka. Alirudishiwa mali yake. Akakaa katika nyumba ndogo karibu na msikiti wa al-Azhar. Na kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya hesabu na vya nyota, Euclid kimoja, Almagest ya Ptolemy kingine, na vile vinavyosomwa kati ya hivyo, akaviuza kwa dinari 150 za Misri. Bei haikuwa ya kujadiliana. Zile dinari 150 zilimtosha mwaka mzima, na muda uliobaki ulikuwa wake.

Sisi tunaofanya kazi kwa insentivu tunajua kuusoma mstari kama huo. Mtu ana kazi anayoiweza. Anaruhusiwa kuifanya. Analipwa bei inayojulikana, na bei hiyo inamtosha. Anatoka nyumbani kwenda msikitini na sokoni bila karatasi ya ruhusa. Kisha, baada ya hapo, ndiyo kitabu. Warsha zote 2 zilinipa kuta za nyumba, hakuna iliyonitajia dinari 150.

Sasa tuingie ndani ya kitabu chenyewe, maana bila hivyo tutakuwa tumemgeuza mtu kuwa mfano, na yeye alikuwa fundi.

Alianza na jicho. Ukitazama jua, jicho linauma. Ukitazama mahali peupe penye mwanga mkali kisha ukageukia gizani, weupe ule unabaki machoni kwa muda. Kama jicho ndilo linalotoa, mbona linaumizwa? Kitu kinaingia. Halafu akaingia kwenye chumba cha giza chenye tundu. Akaweka taa kadhaa nje, kila moja mahali pake. Ndani, ukutani, yakatokea madoa ya mwanga, kila doa mkabala na taa yake kwa mstari ulionyooka unaopita kwenye tundu. Akaziba taa moja: doa lake likapotea, mengine yakabaki. Akaizibua: likarudi. Kwa hiyo mwanga unasafiri kwa mistari iliyonyooka, na mwanga wa taa hii hauchanganyikiwi na wa taa ile hata vikipita tundu moja.

Jaribio hilo wewe unalo nyumbani. Mabati yetu yana matundu ya misumari ya zamani. Saa nne asubuhi funga mlango, utaona mshale wa jua umesimama katikati ya nyumba, vumbi linacheza ndani yake. Weka kipande cha kioo sakafuni mahali unapotua. Utaona mshale wa pili unapanda kwenda ukutani au darini. Simamisha kalamu wima juu ya kioo pale mishale 2 inapokutana. Mshale unaoshuka umelala kutoka kwenye kalamu kiasi fulani, na unaopanda umelala kiasi hicho hicho upande wa pili. Geuza kioo kidogo na mshale unaopanda unageuka, na kalamu ikisimama wima tena juu ya kioo, sehemu 2 zinabaki sawa. Tena kalamu na mishale yote miwili viko kwenye bapa moja, kana kwamba vimechorwa juu ya karatasi moja iliyosimama. Jambo hilo la bapa moja mara nyingi tunalisahau darasani, na yeye alilisisitiza.

Ptolemy alikuwa na vioo 3. Ibn al-Haytham alitengenezesha 7: kilichonyooka, vya duara 2, vya mcheduara 2 na vya koni 2, kila jozi kimoja kimebinuka na kimoja kimebonyea. Akaeleza kifaa cha kuviwekea, chenye matundu ya kupitishia mwale kwa pembe inayojulikana, na jinsi ya kukipima hatua kwa hatua ili msomaji akitaka aende kwa fundi akatengenezewe chake. Napenda sana sehemu hii. Hasemi "niamini". Anasema kata shaba kiasi hiki, toboa hapa, tazama.

Na kwa nini mwanga udunde kwa pembe sawa? Alitumia mfano wa tufe dogo la chuma linalorushwa kwenye kitu kigumu. Mwendo wake una sehemu 2: sehemu inayokwenda sambamba na uso wa kioo, na sehemu inayokwenda moja kwa moja kuupiga. Uso haugusi sehemu ya kwanza, hivyo inaendelea kama ilivyokuwa. Ya pili inazuiliwa na kurudishwa. Jumlisha 2 hizo, unapata mwendo uliolala upande wa pili kwa kiasi kile kile. Vijana wanaocheza mpira kwenye laga wanalijua hili kwa miguu, hawajalijua kwa maneno.

Ukuta nao unadundisha mwanga, vinginevyo usingeuona. Lakini uso wake una mikwaruzo, kila chembe imeelekea kwake, na miale iliyokuja pamoja inatawanyika. Kioo kimelainishwa, hivyo miale iliyokuja kwa mpangilio inaondoka kwa mpangilio. Tofauti ya ukuta na kioo ndiyo hiyo. Kioo chetu cha dukani ni glasi iliyopakwa madini membamba nyuma. Glasi inalinda tu, kazi inafanywa na madini, kama ilivyofanywa na shaba ya Wagiriki.

Sasa swali la mtoto. Mwanga unatoka kwenye pua yako kwenda kila upande. Sehemu yake inafika kwenye kioo, inadunda, inaingia jichoni. Lakini jicho na akili havina habari ya kona iliyokatwa njiani. Vinapokea mwale kutoka upande fulani na kudhani umekuja kwa mstari ulionyooka, kama mwanga mwingine wote. Ukirefusha miale ile nyuma ya kioo kwa mstari, yote iliyotoka kwenye pua inakutana mahali pamoja, na mahali hapo pako nyuma ya kioo kwa umbali ulio sawa na wa pua mbele ya kioo. Ibn al-Haytham alionyesha namna ya kupatafuta: chora mstari kutoka kwenye kitu uliosimama wima juu ya kioo, uendeleze hadi nyuma. Chora mstari wa jicho, nao uendeleze. Vinapokatana ndipo taswira ilipo. Mwanga wenyewe haukufika huko. Jikoni kwa mama hakuna kitu. Ila kila jicho lililoko mbele ya kioo, la kwako, la kinyozi, la mzee, litaelekezwa mahali hapo hapo pamoja. Kwa hiyo mzee aliyesema "hayuko popote" na mimi niliyesema "yuko nyuma" tulikuwa tunagombea vitu 2 tofauti, na wote tulikuwa na sehemu yetu ya haki. Kinyozi ndiye aliyekosea.

Na lile la kushoto na kulia? Watu wanasema kioo kinageuza kushoto kuwa kulia. Simama mbele ya kioo, mkono wako mmoja uelekee Lodwar, mwingine Lokichoggio. Inua wa Lodwar. Yule naye ameinua ulio upande wa Lodwar. Hakuna kilichohama. Kichwa juu, miguu chini. Kilichogeuka ni mbele na nyuma tu: wewe umeelekea kioo, yeye amekuelekea wewe. Sisi ndio tunaojiweka kwa mawazo mahali pake, tunageuka kama tunavyozunguka kumtazama mtu, kisha tunashangaa mkono umebadilika.

Vioo 6 vilivyobaki vilimpa kazi kubwa zaidi. Chukua kioo cha pembeni cha lori. Kimebinuka kidogo, ndiyo maana dereva anaona sehemu kubwa ya barabara lakini kila kitu ni kidogo. Kuna bodaboda nyuma. Mwanga unatoka kwenye bodaboda, unadunda mahali fulani juu ya kioo, unafika kwa dereva. Mahali gani hasa? Kwa kioo kilichonyooka mtoto wa gredi ya nane atakipata kwa rula. Kwa kioo cha duara swali linageuka kuwa gumu mno, na hesabu yake inapanda mpaka kipeo cha 4. Katika juzuu ya 5 Ibn al-Haytham alilitatua kwa kukatanisha duara na mchirizo uitwao haipabola, baada ya kurasa na kurasa za maandalizi. Wazungu bado wanaliita Swali la Alhazen. Christiaan Huygens, Mholanzi, alilitafutia njia fupi katika karne ya 17. Na mwaka 1997 Peter Neumann wa Oxford alithibitisha kwamba kwa rula na bikari peke yake haliwezi kutatuliwa kabisa. Hivyo ile haipabola haikuwa madoido.

Haipabola aliitoa wapi? Kwenye kitabu cha Mgiriki Apollonius juu ya mikato ya koni. Na iko nakala ya kitabu hicho Istanbul, imehifadhiwa mpaka leo, iliyoandikwa kwa mkono wa Ibn al-Haytham mwenyewe mwaka 1024. Hesabu miaka: 3 tangu al-Hakim atoweke. Kazi ya kunakili, ambayo mwezeshaji hakuitaja, ilikuwa inapitisha mkononi mwake mstari kwa mstari hesabu ile ile ambayo vioo vilikuwa vinaihitaji.

Kitabu kilisafiri baada yake. Karibu mwaka 1200 kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kilatini. Kamal al-Din al-Farisi, Mwajemi, alikiandikia ufafanuzi mkubwa karibu miaka ya 1300. Mwaka 1572 Friedrich Risner alikichapisha Basel, Uswisi, na mbele akaweka mchoro wa vioo vinavyounguza meli, ile hadithi ya Archimedes ambayo watu hawachoki nayo.

Ibn al-Haytham naye aliandika juu ya vioo vya kuunguza, katika kijitabu cha peke yake. Jua liko mbali kiasi kwamba miale yake hufika kwetu ikiwa sambamba. Kioo kilichobonyea kama kipande cha mpira kinaikusanya karibu karibu, lakini si mahali pamoja hasa. Umbo la parabola linaikusanya yote kwenye nukta moja. Wagiriki walishalijua hilo na yeye akalithibitisha kwa njia yake, akaeleza na jinsi ya kukitengeneza.

Wakazi wa zamani wa kambi hii wameshika kitu cha ukoo huo mikononi. Mwaka 1995, miaka 3 baada ya Kakuma kufunguliwa, shirika la Solar Cookers International lilianza hapa mradi wa kupika kwa jua. Jiko lilikuwa kadibodi iliyokunjwa, imebandikwa karatasi ya kung'aa. Katikati sufuria nyeusi ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Lilitokana na ubunifu wa Mfaransa Roger Bernard. Si parabola, wala halihitaji nukta moja. Linachofanya ni kuelekeza kwenye sufuria mwanga ambao ungeangukia mchanga, rangi nyeusi inaunywa na kuugeuza joto, na plastiki inazuia upepo usiliibe joto hilo. Karatasi ile haikuonyeshi uso wako vizuri kwa sababu imekunjamana, lakini kila kipande chake kidogo kinafuata pembe zile zile. Kina mama walionisimulia wanasema maharage yaliiva, ila uyaweke mapema na uyageuzie jiko jua linavyohama. Chakula cha usiku ni hadithi nyingine. Kuni zilizookolewa, na safari za porini zilizookolewa, wao wanajua thamani yake kuliko mimi.

Nilirudi kwa kinyozi wiki iliyofuata na futi ya fundi seremala na kipande cha sabuni. Mtoto akasimama mbele ya kioo, akafumba jicho moja, akachora kwa sabuni juu ya kioo mzunguko wa uso wake kama anavyouona. Tukapima: mchoro ulikuwa nusu ya uso wake. Akarudi nyuma hatua 3, akatazama tena: uso bado unakaa ndani ya mchoro ule ule. Yeye mwenyewe ndiye aliyeeleza kwa nini, baada ya kunyamaza kidogo. Kama yule wa ndani yuko mbali mara 2 kuliko kioo, basi kwenye kioo lazima aonekane nusu. Kinyozi alijaribu mwenyewe, halafu akamwita na mteja aliyekuwa nje.

Kisha tukafanya kisogo. Mtoto kitini, kinyozi nyuma yake na kioo kidogo. Kutoka kisogoni hadi kioo kidogo, sentimita 40. Kutoka kioo kidogo hadi kikubwa, 160. Kutoka kikubwa hadi machoni, 100. Tukaandika kwa chaki juu ya mabati, tukajumlisha: mita 3. Toa mita 1 iliyo mbele ya kioo. Akaenda mlango wa pili kumwambia mama kwamba kisogo chake kiko jikoni kwake, mita 2 kutoka ukutani, karibu na mtungi.